Homa ya Madina: Maradhi Yanayorudi na Wajibu wa Muislamu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Aliyeteremsha maradhi na Akateremsha pamoja nayo dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, si jambo geni katika mitaa yetu kumsikia mtu akilalamika kuwa homa yake haimuachi. Anaumwa, anameza vidonge, anapata nafuu, anarudi katika shughuli zake, na wiki chache baadaye yuko kitandani tena. Ikifika mara ya tatu au ya nne, minong'ono huanza nyumbani: hii si homa ya hospitali, huyu kuna mkono wa mtu. Hapo fedha ya dawa hugeuka kuwa fedha ya mganga. Wapo pia wanaowafuata maimamu na kuwauliza: je, kurudi kwa maradhi haya ni adhabu ya Mwenyezi Mungu? Na je, kukimbilia dawa kila mara si upungufu wa tawakkul?

Masuala haya si mapya. Homa inayoondoka na kurudi ndiyo miongoni mwa mitihani ya mwanzo iliyowapata Muhajirina walipofika Madina. Kwa hiyo tumeona tuirejee historia, tuone Mtume (S.A.W.) na Masahaba zake waliikabili vipi, matabibu wa Kiislamu waliifahamu vipi, elimu ya leo imegundua nini, na nini kinatuwajibikia sisi.

Mji wenye homa

Makka ni bonde kavu lililozungukwa na majabali, halina mashamba wala maji yanayotuama. Yathrib, mji ulioitwa Madina baada ya Hijra ya mwaka 622, ulikuwa kinyume chake: mji wa mitende, visima na mabonde yanayopitisha maji ya mvua. Katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, Bi Aisha (R.A.) anaeleza kuwa walipoifikia Madina ilikuwa ndiyo ardhi yenye maradhi zaidi kuliko ardhi zote, na kwamba bonde la Buth'han lilikuwa likipitisha maji yaliyoharibika. Tuzingatie vizuri: Mama wa Waumini ameyataja maradhi ya mji na maji yake mabovu katika maneno mamoja.

Haukupita muda, Muhajirina wakaanza kuanguka. Sayyidna Abubakar, Bilal na Amir bin Fuhayra (R.A.) waliugua pamoja. Bi Aisha alikwenda kuwajulia hali, na hiyo ilikuwa kabla ya kufaradhishwa hijabu, akawakuta wakiweweseka kwa ukali wa homa. Aliporudi akampa Mtume (S.A.W.) habari yao.

Katika lafudhi ya Hadithi hiyo kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Bi Aisha hasemi tu kuwa Abubakar alishikwa na homa. Anasema kuwa kila homa ilipomshika alikuwa akisema maneno fulani. Na Bilal, kila homa ilipomuachia, alikuwa akinyanyua sauti yake kwa beti za kuitamani Makka, mabonde yake na maji yake. Basi ilikuwa homa inayoshika na kuachia, kisha ikashika tena. Hakuna aliyepima damu siku zile, lakini tukikusanya dalili zilizopokewa, yaani homa ya vipindi, kuweweseka, maji mabovu, na wageni kutoka nchi kavu kuugua kwa wingi, tunakuta sifa za maradhi ambayo leo tunayaita malaria. Matabibu wanafahamu kuwa mtu aliyekulia mahali pasipo na malaria hana kinga nayo, na akiingia katika nchi yenye malaria humshika kwa ukali kuliko wenyeji.

Dua na sababu

Mtume (S.A.W.) alipopata habari ya wagonjwa wake, alielekea kwa Mola wake. Aliomba Madina iwe kipenzi chao kama Makka au zaidi, aliomba iwe na afya, aliomba baraka katika vipimo vyake vya vyakula, na aliomba homa yake ihamishiwe Juhfa. Hakuwaambia wagonjwa wale kuwa wamerogwa. Hakuwaambia kuwa wanaadhibiwa kwa dhambi. Wala hakumlaumu Bilal kwa kuikumbuka Makka akiwa katika uchovu wa maradhi.

Pamoja na dua, maisha yake yote (S.A.W.) yamejaa mafundisho ya kushika sababu. Watu wa makabila ya Ukl na Urayna walipofika Madina na hali ya hewa ikawadhuru, aliwaelekeza watoke nje ya mji, waende kwenye malisho ya ngamia na wanywe maziwa yake. Kisa chao kiliishia katika khiyana kubwa, lakini mwanzo wake ni agizo la tiba na la kuhama mahali penye madhara. Alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe. Mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

Hapa tunapenda kutahadharisha. Hatusemi kuwa maagizo ya kufunika vyombo na kulinda maji yaliteremka kwa ajili ya mbu. Hadithi zenyewe zimetaja hikima zake, na si adabu kuzibebesha maana zisizokuwemo ili tuonekane tumewatangulia watu wa sayansi. Tunachosema ni kuwa umma uliofundishwa kuyatunza maji yake na kufunika vyombo vyake hauna udhuru wa kuishi katikati ya madimbwi.

Alama zilizobaki katika ibada zetu

Wachache wanafahamu kuwa homa ya Madina imeacha alama katika fiqhi mpaka leo.

Ya kwanza ni katika Swala. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, mji ukiwa na homa na watu wameugua, aliingia msikitini akawakuta wanaswali kwa kuketi. Akawafahamisha kuwa Swala ya mwenye kuketi ni nusu ya Swala ya mwenye kusimama, nao wakajikaza wakasimama. Wanavyuoni wakafafanua kuwa nusu hiyo ya malipo inamhusu mwenye kuketi katika Swala ya sunna hali ya kuwa anaweza kusimama. Ama mgonjwa asiyeweza, katika Hadithi ya Imran bin Huswayn (R.A.) ameruhusiwa aswali kwa kuketi, na akishindwa aswali kwa ubavu, na malipo yake hayapungui. Kila mgonjwa wa homa anayeswali leo akiwa juu ya kitanda anatumia ruhusa ambayo Muhajirina waliihitaji kabla yake.

Ya pili ni katika Tawafu. Mwaka wa 7 Hijria, sawa na mwaka 629, Waislamu walikwenda Makka kwa Umra ya Kulipa. Maquraishi wakaambizana kuwa wanaokuja ni watu waliodhoofishwa na homa ya Yathrib, wakakaa kuwatazama. Mtume (S.A.W.) akawaamrisha Masahaba waende matiti, yaani mwendo wa hatua fupi za haraka, katika mizunguko mitatu ya mwanzo, ili washirikina waione nguvu yao. Makka ikafunguliwa, washirikina wakaondoka, lakini katika Hija ya Kuaga ya mwaka wa 10 Hijria Mtume (S.A.W.) alikwenda matiti tena. Sayyidna Umar (R.A.) alijiuliza baadaye: kuna haja gani ya mwendo huu na hali Mwenyezi Mungu ameupa Uislamu nguvu? Kisha akasema kuwa jambo walilolifanya zama za Mtume (S.A.W.) hawatoliacha. Basi kila mwanamume anayekwenda matiti mbele ya Al-Kaaba anajibu, bila ya kujua, kejeli ya watu waliodhani kuwa homa imewavunja Waislamu.

Umma ambao ibada yake imebeba kumbukumbu ya kuishinda homa haufai kuwa umma unaojisalimisha mbele ya homa.

Matabibu wa Kiislamu na homa za zamu

Waislamu walipotarjumu vitabu vya tiba vya Wagiriki, walivisoma kwa kuvipima na wakaongeza waliyoyaona wenyewe. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), alikifungua kitabu cha nne cha Al-Qanun kwa mlango mrefu wa homa. Humo ametofautisha homa ya siku moja, homa inayokuja kila siku, homa ya ghibbi inayoshika siku moja na kuacha siku moja, na homa ya rub'i inayoshika siku moja na kuacha siku mbili. Mpango huu wa zamu ni sahihi, na elimu ya leo imeuthibitisha. Alieleza pia kuwa maji ya vinamasi yaliyotuama huwavimbisha watu bandama. Na bandama lililovimba ni dalili ambayo madaktari waliitumia kwa miaka mingi kujua ukubwa wa malaria katika kijiji.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), alipoifikia Hadithi inayosema kuwa homa inatokana na joto la Jahannamu na kwamba ipozwe kwa maji, hakuichukua kuwa dawa moja ya kila homa. Alieleza kuwa maneno yale yanawahusu zaidi watu wa Hijazi na wanaofanana nao, kwa kuwa homa zao nyingi ni zile za siku moja zinazotokana na ukali wa jua. Huu ni uoni wa fakihi mwenye insafu: kuifahamu Hadithi kunahitaji pia kuyafahamu maradhi.

Hata hivyo, matabibu hao wote walikosa kitu kimoja. Waliona maji yaliyotuama, wakadhani kuwa hewa yake mbovu ndiyo inayougua watu. Hata jina malaria lenyewe, kwa asili yake ya Kiitaliano, lina maana ya hewa mbaya. Hawakumuona anayebeba maradhi kutoka kwenye damu ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Sababu inajulikana

Tarehe 6 Novemba 1880, katika mji wa Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alitazama damu ya askari mgonjwa kwa darubini akaona vimelea hai vikitikisika ndani yake. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad, India, alivikuta vimelea hivyo ndani ya mwili wa mbu. Mwaka 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake huko Italia wakathibitisha kuwa malaria ya binadamu huenezwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Kumbe mbu huhitaji maji yaliyotuama ili atage, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakishukiwa tangu zama za kale.

Zamu za homa nazo zikapata maelezo. Kimelea kikishaingia mwilini hukaa kwanza katika ini, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu, kikazaliana humo na kuzipasua zote kwa wakati mmoja. Kila zinapopasuka, mtu hutetemeka na kupandwa na homa. Kwa aina zilizo nyingi hilo hutokea kila baada ya saa 48, na kwa aina iitwayo malarie ni kila baada ya saa 72. Hiyo ndiyo ghibbi na rub'i ya Ibn Sina. Ama falsiparamu, iliyo kali zaidi na iliyoenea zaidi Afrika, mara nyingi homa yake haina mpangilio, kwa hiyo mtu asingoje zamu ndipo aende kupima.

Kwa nini homa inarudi?

Hili ndilo suala linalowapeleka watu wengi kwa waganga, na jibu lake linafahamika. Malaria hurudi kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni dawa kutoua vimelea vyote. Dawa mseto ya ALu, kwa mfano, hunywewa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Mgonjwa anapata nafuu siku ya pili, anaweka vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mtoto akiugua. Vimelea vichache vilivyosalia huzaliana, na baada ya wiki mbili au tatu homa iko pale pale. Mfano wake ni dawa bandia, dawa iliyopitwa na wakati, au dawa ambayo vimelea vimeizoea. Klorokwini iliwahi kuokoa watu wengi, lakini vimelea viliizoea hata Tanzania Bara ikalazimika kuiacha mwaka 2001, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia katika dawa mseto.

Njia ya pili ni vimelea kulala katika ini. Aina za vivaksi na ovale zina vimelea vinavyojificha humo kwa wiki, miezi au zaidi ya mwaka, kisha vikaamka. Mtu huyu anaweza kuwa amemaliza dozi yake kikamilifu na hakuumwa tena na mbu, na bado homa ikarudi. Vivaksi ndiyo iliyozoeleka sana Bara Hindi na Pembe ya Afrika, kwa hiyo msafiri aliyetokea huko amuarifu daktari wake. Dawa ya kuviondoa katika ini ipo, nayo ni primakwini, lakini huweza kuvunja damu ya mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu wa kurithi ambao si haba miongoni mwa watu wetu. Haifai kuinywa bila ya kupimwa.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo kubwa katika nchi zetu, ni kuumwa upya na mbu mwenye vimelea. Kupona malaria hakumpi mtu kinga kamili. Anayetibiwa vizuri kisha akarudi kulala bila ya chandarua pembezoni mwa dimbwi lile lile ataugua tena, si kwa sababu amerogwa, bali kwa sababu mlango alioingilia adui haujafungwa.

Tena si kila homa ni malaria. Homa ya matumbo, homa ya dengi, maradhi ya njia ya mkojo, kifua kikuu na mengineyo huanza kwa joto lile lile. Ipo pia homa ya papasi, inayotokana na papasi wanaojificha katika sakafu na kuta za udongo: hushika siku chache, ikaacha siku kadhaa, ikarudi kwa nguvu, na dawa yake si ya malaria. Ndiyo maana kunywa dawa ya malaria kwa kila joto bila ya kupima damu ni kujidanganya. Mwenye homa inayojirudia apimwe, na kipimo kikionesha kuwa hana malaria basi atafutiwe sababu nyingine.

Somo la pwani yetu

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na uangalifu. Katika majumba ya mawe ya Lamu kulikuwa na birika za maji ambamo wenyeji walifuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika walijengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wasife. Muislamu aliyehitaji maji ya kutawadhia hakuona kuwa ni lazima afuge na mbu.

Unguja na Pemba zimetufundisha somo jingine. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 hadi mwaka 1968 kulikuwa na kampeni kubwa ya kupulizia dawa majumbani, na idadi ya watu wenye vimelea ikashuka hadi chini ya asilimia 10. Kazi ikasimamishwa, malaria ikarudi. Tangu mwaka 2003 ilipoletwa dawa mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji mpya kuanzia mwaka 2006, vimelea vilishuka hadi vikapatikana kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Hata hivyo, kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 wagonjwa waliongezeka tena. Kama homa inavyorudi katika mwili wa mtu asiyemaliza dozi, ndivyo inavyorudi katika nchi isiyodumu katika kinga.

Na wala tusidhani kuwa haishindiki. Algeria, ambako kimelea kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kuwa haina tena malaria. Misri ilithibitishwa mwezi Oktoba 2024. Upande wetu msiba bado ni mzito: mwaka 2023 peke yake malaria ilikadiriwa kuua watu 597,000 duniani, 95 katika kila mia wakiwa wa Afrika, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Hukumu na wajibu

Turejee sasa kwa yule aliyeuliza juu ya tawakkul. Imamu Nawawi, katika madhehebu ya Shafi'i yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, ameeleza kuwa kujitibu ni sunna, na wapo wanavyuoni waliomruhusu mtu kuacha dawa kwa kusubiri. Wanaosema hivyo hutaja kisa cha mwanamke aliyekuwa na kifafa, ambaye Mtume (S.A.W.) alimkhiyarisha baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri. Lakini maradhi ya bibi yule yalimdhuru yeye peke yake. Mgonjwa wa malaria asiyejitibu ni chanzo cha vimelea kwa kila mbu anayemuuma, na mbu huyo atakwenda kwa mtoto wa jirani. Ndiyo maana Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwezi Mei 1992, iliamua kuwa kujitibu ni wajibu ikiwa kuacha kutapelekea kifo, kupotea kiungo au ulemavu, au ikiwa madhara ya maradhi yanawavukia wengine. Malaria kali imekusanya yote mawili: inaua, na inavuka. Kwa hiyo tunaona kuwa kumaliza dozi si shauri la daktari tu, bali ni katika haki za jirani.

Na Sayyidna Umar (R.A.), alipoacha kuingia Sham mwaka wa 18 Hijria kwa sababu ya tauni na akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari kwenda katika kadari. Homa ni kadari, na chandarua pia ni kadari.

Ama aliyeuliza kama homa ni adhabu, na ajue kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia kwa Ummu Saib (R.A.) akamkuta anatetemeka na kuilaani homa, akamkataza asiitukane kwa kuwa inaondoa dhambi za wanaadamu kama mvukuto unavyoondoa takataka za chuma. Mgonjwa apewe bishara hii, asiongezewe machungu kwa tuhuma. Wala bishara hii haiondoi tiba, kwani aliyeitoa ndiye aliyeamrisha homa ipozwe kwa maji, na Bi Asma binti Abubakar (R.A.) alikuwa akiwamiminia maji wanawake wenye homa.

Jambo zito kuliko yote ni la degedege. Mtoto mwenye homa kali akikakamaa na kugeuza macho, wengi wetu husema ni shetani, na saa ambazo zingemuokoa hupotea katika mafusho na hirizi. Hali hii inaweza kuwa ni malaria iliyofika kwenye ubongo, nayo huua haraka. Kumsomea mtoto Qur'ani na kumuombea ni jambo jema, na linaweza kufanyika njiani, akiwa amepakatwa, kuelekea hospitali. Imamu anayepigiwa hodi usiku kwa ajili ya mtoto wa namna hii, fatwa yake ya kwanza iwe ni kuulizia usafiri. Vivyo hivyo anayetumia kombe asiache dozi kwa ajili yake.

Mgonjwa aliye ndani ya Ramadhani naye asijitese kwa kufunga huku akiruka saa za dawa. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa ale na alipe siku nyingine.

Yapo mambo ambayo kila msikiti unaweza kuyafanya bila ya kungoja mfadhili. Birika na matangi ya maji ya udhu yafunikwe au yafugwe samaki. Mifereji inayotuamisha maji, mashimo yaliyochimbwa udongo wa ujenzi na mipira chakavu ya magari vishughulikiwe, hasa mvua zinapoanza. Wanafunzi wa madrasa za bweni na wanaokaa itikafu katika kumi la mwisho walale ndani ya vyandarua, kwani mbu hachagui kati ya aliye ibadani na aliyelala tu. Waja wazito wahimizwe kuhudhuria kliniki mapema. Na watoto wapelekwe kuchanjwa pale ambapo chanjo ya malaria imefika, kama ilivyoanza kutolewa sehemu za Kenya tangu mwaka 2019. Anayetafuta sadaka yenye kuendelea na aweke wakfu wa vyandarua kwa mayatima wa mtaa wake.

Mtume (S.A.W.) aliiombea Madina afya, na akaufundisha umma wake kutunza maji na kutafuta dawa. Atakayechukua nusu ya mafundisho haya na kuiacha nusu, homa itaendelea kumrudia, naye ataendelea kumtuhumu jirani yake asiye na hatia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, aijaalie miji yetu kuwa miji ya afya, na atupe ufahamu wa dini yetu na wa sababu alizoziweka katika ulimwengu wake. Amin. Wabillahi tawfiq.